Kitambaa Kilichorudi Kutoka Angani Kikapotelea Kanisani

Miaka imepita, lakini nikiikumbuka Jumapili ile bado natamani kujificha nyuma ya friji, na ninaisimulia leo kwa sababu wapo watu hapa Maryland wanaoisimulia vibaya, wanasema eti nilianguka kwa nguvu za Roho, na mimi sipendi kupewa sifa isiyo yangu (hasa hiyo). Sikuangushwa na chochote. Nililala chini mwenyewe, kwa aibu, nikafumba macho.

Naitwa Elia, mtu wa Singida. Wakati huo, enzi za simu za kukunja, nilikuwa namtunza mzee mmoja pale Columbia, Bwana Walter, mgane wa miaka themanini na kidogo. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimpa dawa kwa saa zake, na zaidi ya yote nilimsikiliza, maana alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana inayotengeneza vifaa vya vyombo vya angani na hadithi zilikuwa hazimwishi. Sebuleni kwake ukutani kulikuwa na fremu kubwa ya mbao, na ndani yake leso nyeupe ya kike, imetariziwa herufi R kwa uzi wa buluu kwenye pembe moja. Chini ya leso kulikuwa na barua fupi ya mwanaanga.

Alinieleza kwamba mwanaanga akienda juu huruhusiwa kifuko kidogo cha vitu vyake binafsi, kinapimwa kwenye mizani kama nyanya sokoni, na humo hutia pete, picha za watoto, vibendera, hata vitu vya jamaa na marafiki, akirudi anawarudishia wakae navyo kama kumbukumbu. Basi rafiki yake mmoja alichukua leso ya mke wa Bwana Walter. Mama huyo, Ruth, alikuwa amealikwa kwenda kuangalia chombo kikirushwa, gauni ameshanunua, akafariki wiki chache kabla ya siku yenyewe. Leso ikaenda badala yake, ikaizunguka dunia siku kadhaa, ikarudi ikiwa safi na imekunjwa vilevile.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kanisani kwetu, ambako tulikuwa tunaabudu Jumapili mchana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja la wenyeji kule Columbia Heights (si Columbia ya Bwana Walter), watu walikuwa na kazi zenye majina, huyu yuko ubalozini, yule anatengeneza programu za kompyuta, na mimi nikiulizwa nafanya kazi wapi nilikuwa nasema "kwenye afya" halafu nakohoa ili mtu asiendelee. Siku moja sijui shetani gani alinipitia, nikasema siku hizi niko na watu wa mambo ya anga, na kwao kuna kitu kilichofika huko juu kikarudi. Wakanyamaza. Ule ukimya ulikuwa mtamu jamani, sijawahi kuupata tena. Habari ikatembea hadi kwa mwalimu wa watoto, akaja kuniomba dakika tano baada ya mahubiri niwaonyeshe watoto hicho kitu kilichotoka angani, na mimi bila hata kufikiri nikasema hakuna shida.

Bwana Walter hakukataa. Alifurahi kabisa kusikia ni kwa ajili ya watoto, akanisaidia kuishusha fremu ukutani. Aliniambia jambo moja tu, kwamba nisiifungue, na nikamwahidi.

Jumamosi jioni, nikiwa kwangu, nikaiangalia ile fremu nikaona ni nzito mno, na kioo kinang'aa kiasi kwamba mtu akikaa mstari wa nne haoni kitu isipokuwa sura yake mwenyewe. Na hivi ninavyowajua watu wetu, kitu kilicho nyuma ya kioo hawakiamini, watasema Elia amekwenda dukani akanunua kitambaa. Nyuma kulikuwa na vibanio vinne tu. Nikavifungua, nikaitoa leso, nikaikunja mara nne, nikaitia kwenye mfuko safi wa plastiki. Kosa la makusudi ni hilo tu. Mengine yote yalitokana na hilo.

Jumapili hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni, Mchungaji Kalala, Mkongomani wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye sauti, na wale waliowahi kumsikia walijua kwamba akihubiri anatoka jasho la kulowesha shati na koti. Kwa mahubiri ya namna hiyo lazima pawe na mtu wa kumpa vitambaa, na kwetu kazi hiyo ilikuwa ya Mama Njoki, Mkenya, nesi, mama makini sana ambaye hukaa mstari wa mbele na kila dakika chache huinuka kumpa mhubiri kitambaa kikavu na kupokea kilicholowa. Kando ya mimbari alikuwa ameweka meza ndogo, chupa ya maji, glasi, na vitambaa vyake vyeupe vimepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Mnaona tunakokwenda. Mimi sikuona. Nilifika mapema, nikaitoa leso kwenye mfuko ili isijikunje vibaya, nikaiweka juu ya meza hiyohiyo, pembeni, nikijua iko mahali patakatifu na hakuna atakayeigusa.

Nyimbo zikaisha, mchungaji akaanza. Hajamaliza hata kusoma neno, tukatangaziwa kwamba mwenye gari la kijivu amezuia mlango wa jirani na gari linakuja kuvutwa. Lilikuwa langu. Nilitoka mbio, nikazunguka mitaa ya Columbia Heights kama dakika ishirini nikitafuta pa kuegesha, na niliporudi nikasimama mlangoni kutafuta kiti, nikamwona Mchungaji Kalala anajifuta shingo kwa kitambaa chenye herufi R ya buluu.

Nikainua mkono kumpungia Mama Njoki. Mama Njoki akaona mkono umeinuliwa, akainua wa kwake. Nikainua yote miwili nikaanza kumwonyesha kwa vidole, kitambaa, kitambaa, hapana, na mstari mzima wa nyuma nao ukainua mikono, mtu akaanza kulia. Basi nikaamua kwenda mbele mwenyewe. Nilipita katikati ya viti kwa hatua za haraka, macho yote kwenye ile leso, na mchungaji akaniona.

"Kuya, papa," akaniita kwenye kipaza sauti, kwa Kiswahili cha kwao. "Usiogope. Voilà, kuya hapa."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mashemasi wawili walishafika nyuma yangu mikono wameikunjua tayari kunidaka, na mchungaji alishanimwagia mafuta ya upako kichwani na kunibandika leso ya Ruth kwenye paji la uso, imelowa, ya moto, na anaomba kwa Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Mimi nimesimama tu. Akasukuma kidogo. Nikabaki nimesimama. Kanisa lote likanyamaza kunisubiri, na shemasi mmoja (mtu wa Mwanza, nilimkopesha koti la baridi mwaka uliotangulia) akaninong'oneza, "Elia, tunachelewa." Nikalala. Nikajiachia taratibu, wakanidaka, wakanilaza kwenye zulia, na kwa kuwa mtu aliyeangushwa hawezi kuinuka papo hapo na kuanza kudai mali, nikafumba macho nikahesabu hadi mia moja.

Nilipoyafumbua mchungaji alikuwa ameshika kitambaa kingine.

Nilingoja hadi mwisho ndipo nikamuuliza Mama Njoki, akanieleza kwa furaha kwamba kile kilichonigusa mimi mchungaji alikiombea akampa Mama Sharoni wa Herndon ampelekee mumewe mgonjwa, na mama wa watu ameshaondoka nacho kwa sababu mgonjwa alibaki peke yake. Kabla sijajibu nikaitwa kwa zile dakika tano. Nikasimama mbele ya watoto, nywele zinachuruzika mafuta, mikono mitupu, nikawaeleza kwamba kile kitu kutoka angani kilikuwepo hapa muda si mrefu. Binti mmoja akaniuliza kwa Kiingereza kama maana yake nimekipoteza. Watu wazima walicheka. Nilimjibu kwamba najua kiko wapi, na hilo lilikuwa kweli.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja Herndon, nimeandikiwa njia kwenye karatasi, nikafika jua bado lipo. Nilikuwa nimejipanga vizuri: nitasalimia, nitaeleza, nitachukua, nitaondoka. Mama Sharoni akanifungulia mlango uso unang'aa. Baba Sharoni alikuwa amelala kwenye kochi sebuleni, amekonda, siku ya tisa tangu afanyiwe upasuaji wa tumbo, na leso ilikuwa juu ya kifua chake ameikandamiza kwa kiganja. Mama akaniambia kwamba tangu Alhamisi mumewe alikuwa anakataa chakula, na leo amemwekea kitambaa akaomba uji, akanywa kikombe kizima. Akaniletea chai.

Ningesemaje hapo? Nikanywa chai. Nikaongezewa. Mwishoni nikaona njia ya busara ni kuwaeleza kwamba kitambaa hiki si kitambaa cha kawaida, nikidhani wakijua ni kitu cha thamani watanirudishia wenyewe bila mimi kuomba, kwa hiyo nikamweleza Baba Sharoni habari yote ya chombo, na kile kifuko, na mizani, na jinsi leso ilivyoizunguka dunia usiku na mchana. Alinisikiliza kwa makini sana. Halafu akaweka na kiganja cha pili juu yake.

"Kumbe imefika huko juu kabisa," akasema. "Ndio maana."

Nikaaga.

Jumatatu asubuhi niliingia kwa Bwana Walter na fremu tupu ndani ya mfuko. Alikuwa mezani anakula, akaniuliza kama watoto walifurahi. Nilimwambia yote, nimesimama, tangu vibanio vinne hadi chai ya Herndon, na sikupunguza kitu, hata pale nilipolala. Mahali pale angeweza kucheka na hakucheka. Aliweka kijiko chini. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba aliniomba jambo moja tu. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nangoja aniambie nichukue vitu vyangu niende, na niseme kweli, sikuogopa kufukuzwa kama nilivyoogopa kuendelea kutazamana naye. Akaniambia nimletee koti lake.

Nikampeleka Herndon. Mama Sharoni alishtuka kuona mzungu mzee na kigari chake cha kutembelea mlangoni, lakini alimkaribisha, akamwekea kiti karibu na mgonjwa. Baba Sharoni Kiingereza cha kuongea alikuwa nacho kidogo, na pale alikuwa amechoka, kwa hiyo kutafsiri kukawa juu yangu mimi, mkosaji mwenyewe.

Bwana Walter alimpa pole, akamuuliza habari za mshono, akamwambia na yeye alipasuliwa hapohapo miaka ya nyuma na siku ya kumi ndiyo mbaya kuliko zote. Halafu akasema, "Mwambie hiyo leso ni ya mke wangu. Aliitarizi mwenyewe. Amefariki, na sina nyingine."

Nikatafsiri. Baba Sharoni hakumtazama mzee, alinitazama mimi.

"Elia," akasema, "jana umekaa hapa, umekunywa chai vikombe viwili. Umeniambia roketi, umeniambia mizani. Mbona hukuniambia ni ya mke wa mtu?"

Bwana Walter akauliza amesema nini.

"Mwambie," akasema Baba Sharoni. "Mwambie hivyo hivyo. Ya anga mimi ningebaki nayo. Lakini ya marehemu mke wa mtu nitaishikaje?"

Nikamtafsiria Bwana Walter neno kwa neno, pamoja na vile vikombe viwili, na hapo ndipo nilipoona kwamba kanisani, kwa watoto, kwa Mama Njoki, kwa kila mtu niliyempigia hadithi hii wiki nzima, sikuwahi hata mara moja kulitaja jina la Ruth. Halikuwa linaniongezea chochote.

Baba Sharoni aliitoa leso kifuani, akaikunja polepole, akampa mzee kwa mikono miwili. Ilikuwa na doa la mafuta karibu na ile R. Bwana Walter aliinusa, akaitia mfuko wa ndani wa koti, kisha hakuinuka kuondoka kama nilivyotegemea, akabaki amekaa akimshika yule bwana mkono, na Mama Sharoni alipoleta uji, Baba Sharoni akanywa. Alipona, kwa wale watakaouliza. Alikuwa anameza na dawa za hospitali vilevile.

Kwenye gari nilijitolea kuifua ile leso, kwa mkono, kwa maji ya baridi. Bwana Walter akasema asante, hapana. Hakunifukuza kazi. Nilimtunza miaka mingine mitatu, nilimwogesha, nilimkata kucha, nilijua hadi namba yake ya siri ya benki. Ila kila Ijumaa nilipofuta vumbi sebuleni, nikikaribia ukuta ule, ambako alikuwa ameirudisha leso ndani ya fremu, alinyoosha mkono niliko, nampa kitambaa cha vumbi, anainuka mwenyewe kwa shida yake yote, anaifuta ile fremu, halafu ananirudishia.