Mifereji Sita kwenye Kalenda

Ukitaka kumuudhi Ndunge Kitonga, mpe kipimo cha "karibu hivi". Kwake hakuna karibu. Kuna sawa na kuna kosa, na kosa hurudi kwenye mashine hadi liwe sawa au liwe chuma chakavu. Kwa miaka ishirini na miwili amesimama mbele ya mashine ya kukereza vyuma katika karakana ya Mwau mjini Thika, na wateja wanaomjua hupita ofisini bila hata kusalimia, wakaenda moja kwa moja kumwekea mezani shafti, mhimili wa mashine, iliyolika, wakasubiri aseme kama itapona.

Alizaliwa Ngoliba, mashariki ya mji, kwa mkulima wa nyanya aliyenywesha shamba lake kwa mifereji. Alipomaliza darasa la nane akapelekwa chuo cha ufundi akajifunze ushonaji, maana huko ndiko wasichana walikopelekwa. Alikaa na cherehani wiki mbili. Wiki ya tatu mwalimu alimkuta katika chumba cha vyuma, cherehani ameifungua yote, anatafuta kinachoifanya igugumize. Hawakumrudisha kwenye ushonaji, na wanaokumbuka husema ile cherehani haikugugumiza tena.

Lakini kilichomletea jina ni bushi. Bushi ni kipande cha duara kinachoishika shafti ya pampu isiyumbe inapozunguka, na hakizidi ukubwa wa kiganja. Katika kisima kirefu, borehole, cha Kimbo, upande wa Ruiru, mchanga ulikuwa ukipanda na maji, unakwama kati ya bushi na shafti, unaitafuna. Kila baada ya miezi mitatu au minne pampu ilipandishwa kutoka chini kabisa, na wapangaji wa ploti zote za karibu wakarudi kununua maji ya mkokoteni. Ndunge aliitengeneza shafti ile mara nne. Mara ya tano alikasirika.

Hasira za fundi mzuri zina faida. Alikaa na ile shafti jioni nzima, akamkumbuka baba yake na jembe lake pale mferejini: maji yakizuiwa hutua mchanga, yakipewa njia huubeba yenyewe. Kesho yake akatafuta mpira mgumu, akatengeneza bushi ya mpira, na ndani yake akakata mifereji sita midogo ili mchanga upite zake pamoja na maji. Pampu ikashushwa. Mwaka wa kwanza watu walisema ni bahati. Mwaka wa tatu pampu ilikuwa bado iko chini inasukuma, na watu wa bahati wakanyamaza.

Chanda chema huvikwa pete, na Eddie Mwau aliona wakati wa pete umefika. Eddie aliirithi karakana kwa baba yake. Anaishi Membley, mtaa wa wenye nacho, amesomea biashara, na hawezi kutofautisha nati na boliti gizani. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alijivunia Ndunge kwa moyo wake wote.

"Mama Mutheu," alimwambia asubuhi moja, akimwita kwa jina la bintiye kama walivyozoeana, "hii story lazima iandikwe. Na si kuandikwa tu popote. Lazima tuchague mahali pazuri."

Kumbe alikwisha kuchagua. Kulikuwa na jarida la wahandisi huko Nairobi, karatasi zake za kung'aa, linalosomwa na wakubwa wa miradi ya maji. Fomu ilikuwa tayari mkononi. Ndunge aliisoma amesimama, akiishika kwa pembe isije ikapata grisi. Swali la kwanza lilitaka jina la mhandisi na namba yake ya usajili.

"Mimi sina namba," alisema.

"Hiyo si shida. Cousin yangu Kyengo ni injinia registered. Ataweka jina lake, halafu hapo mwisho tunaandika, shukrani kwa fundi wetu Ndunge Kitonga."

"Kyengo ashawahi kuiona hiyo borehole?"

Eddie alikuna kichwa. "Tunaweza kumpeleka."

Ndunge aliiweka fomu juu ya meza. Kila chuma alichotengeneza kwa miaka ishirini na miwili kilitoka pale kimepigwa mhuri wa Mwau, naye hakuwahi kulalamika, kwa sababu karakana ni ya Mwau. Lakini bushi hii ilitoka kichwani mwake na shambani kwa baba yake. Alitaka, mara moja tu maishani, kuiona kazi yake imechapishwa jina lake likiwa mwanzo, mchoro ukiwa sawa, na iwafikie watu watakaoitumia. Alimwambia Eddie hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, kisha akarudi kwenye mashine yake.

Eddie hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Wiki iliyofuata alimleta mwandishi wa gazeti, msichana mchangamfu aitwaye Wangechi. Gazeti halikutaka namba ya usajili. Lilitaka picha.

"Mama, ungevaa ile kofia ya kuchomelea," Wangechi alisema, "cheche ziruke kidogo."

"Mimi sichomelei. Mimi nakereza."

"Ni ya picha tu."

Basi Ndunge akavaa kofia ya mwenzake, cheche zikaruka, na gazeti likatoka na picha kubwa ya mama mchomelea vyuma wa Thika. Lilisema ni mkakamavu. Lilisema ameshinda vikwazo. Kuhusu bushi lilisema ametengeneza "kifaa fulani cha maji". Kule Ngoliba mama yake alizunguka na nakala tatu kanisani, na sifa hizo hazikumchukiza Ndunge, asiseme mtu uongo. Ila katika siku kumi zilizofuata watu wanne walikuja karakana kumtafuta, na wote wanne walitaka kuchomelewa mageti.

Eddie akarudi kwenye jarida lake. Fomu ilitaka pia ushahidi wa siku ambazo pampu imefanya kazi, kwa hiyo akamtuma Ndunge Kimbo akaulize kama kuna rekodi. Alitumaini, nadhani, kwamba akiiona kazi yake angelainika kuhusu suala la Kyengo.

Mtunza pampu wa Kimbo ni Maggie, mama wa makamo ambaye kibanda chake cha pampu ni kisafi kuliko jikoni za watu wengi. Ndunge alipouliza rekodi, Maggie alimwangalia kama aliyeulizwa mlango uko wapi.

"Rekodi si ni hizo hapo kwa ukuta, fundi."

Kwenye msumari mmoja zilikuwa zimetungikwa kalenda za miaka minne, moja juu ya nyingine. Kila siku ambayo maji yalitoka ilikuwa na nukta ya biro nyekundu. Kila siku ambayo pampu ilikuwa nje ilikuwa na msalaba. Ndunge alianza na ile ya chini kabisa, ikawa imejaa misalaba, wiki nzima nzima za misalaba. Akafunua inayofuata. Mwezi wa pili misalaba mitatu, kisha hakuna. Akafunua nyingine, hakuna. Akafunua ya mwaka huo, hakuna.

Alizirudia tena kutoka mwanzo. Hakuwahi kuiona kazi yake ikiwa imeandikwa namna ile, siku kwa siku, na mtu ambaye hakuwa na haja ya kumsifu.

"Watu wa zile borehole zingine wakikuja hapa," Maggie alisema, "hiyo ndio nawaonyesha. Kila mtu ako na kalenda kwa pump house. Hiyo ndio tunasoma sisi."

Ndunge alirudi Thika akiwa ameshaamua. Karakana ya Mwau ilichapisha kalenda kila mwaka, nakala elfu moja, za kugawia wateja, maduka ya hardware na makanisa, na kila mwaka juu yake kulikuwa na picha ya maporomoko ya Fourteen Falls. Alimwambia Eddie mwaka huu maporomoko yapumzike. Juu kuwe na mchoro wa bushi, vipimo vyake vyote, jina lake na namba yake ya simu.

"Vipimo vyote?" Eddie aliuliza. "Si kila karakana Thika itaiga?"

"Waige. Wakiiga vizuri, watu wapate maji. Wakiiga vibaya, watakuja kwetu tuwarekebishie."

Eddie alicheka kidogo, kisha akatikisa kichwa. "Lakini Mama Mutheu, jarida linakaa library miaka ishirini. Kalenda inaisha Desemba."

Ndunge hakubisha. Alijua ni kweli. Alisema tu kwamba kama ni mwaka mmoja, basi uwe mwaka wa watu wanaojua mchanga ni nini. Eddie alimtazama, akatazama fomu, akaikunja akaitia kwenye droo. Kwa hilo Eddie anastahili heshima yake, maana maporomoko yale yalichaguliwa na marehemu baba yake.

Mchapishaji alileta sampuli yenye mifereji mitano, akasema mitano inakaa vizuri kwa macho. Ndunge alimrudisha siku hiyo hiyo. Desemba kalenda zikatoka, mifereji sita, na juu yake kwa herufi nzito: Bushi ya Mchanga, Imebuniwa na Ndunge Kitonga. Moja aliitundika sebuleni kwake, mtaani Kiganjo. Mutheu, bintiye, alisimama mbele yake akalisoma lile jina kwa sauti, kisha akalisoma tena, na Ndunge akajifanya anatafuta sufuria.

Mwaka ukapita. Simu zilikuja, lakini chache, na nyingi zilitoka Thika na Ruiru, kwa watu waliomjua tayari. Januari ikaingia na kalenda mpya zenye maporomoko yake ya zamani. Alipopitia kwa Maggie, ukutani kulikuwa na kalenda ya benki, na ile yake imesukumwa nyuma. Iliisha Desemba, kama Eddie alivyosema. Alihuzunika, wala hakuficha kwamba amehuzunika.

Mwisho wa Januari, saa nne asubuhi, simu ikalia kutoka kwa namba asiyoijua. Mikono yake ilikuwa na grisi, kwa hiyo Eddie, aliyekuwa amesimama karibu, akaibonyeza isikike na kuiweka juu ya meza.

"Ni Ndunge wa bushi?"

"Ndiye."

"Naitwa Muthoka, niko mbali, huku Masinga, naangalia pampu ya kijiji. Mchoro wako nimeupata kwa kitabu cha hesabu cha msichana wangu. Mamake alikifunika na hiyo kalenda. Namba ya simu ilikuwa imekunjiwa ndani, ikabidi nibandue."

Eddie aliinua kichwa. "Kitabu cha hesabu?"

"Si yeye peke yake. Hardware ya hapa ilibaki na bando la kalenda, ikapatia shule. Darasa lao nusu nzima wamefunika vitabu na bushi." Muthoka alicheka, kisha akashusha sauti ya kazi. "Sasa injinia, shimo letu lina mchanga mbaya sana. Nataka kukata hiyo mifereji, lakini..."

"Mimi si injinia," Ndunge alisema. "Mimi ni fundi."

"Sawa, injinia. Nilikuwa nauliza, mifereji ni sita kwa kila pampu, ama inategemea shafti?"

Ndunge alimtazama Eddie. Eddie alikuwa akitazama, kupitia mlango wa ofisi, ile droo alimotia fomu, na uso wake wote ulikuwa unacheka. Ndunge alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole, akachukua chaki.

"Inategemea," alisema. "Shafti yako ni ya milimita ngapi?"

"Karibu thelathini hivi."

"Hakuna karibu," akamwambia. "Nenda upime. Nitakungoja."

Akavuta kiti mbele ya mashine, akaketi, chaki mkononi, akamngoja.