Mwisho wa Sala ya Malkia Esta

Violante Henriques, mfumaji wa hariri wa mjini Bragança, alikuwa mtu wa kuogopa. Wengine huogopa nyoka, wengine huogopa njaa. Yeye aliogopa hodi. Ikipigwa hodi, kabla hajajibu, macho yake yalikwisha kuizunguka nyumba nzima. Soseji zinaning'inia juu ya meko? Zinaning'inia. Zilikuwa za kuku na mkate, zimejazwa vitunguu saumu hata paka asingejua kuwa hazina nguruwe. Basi hapo ndipo angeitikia "Karibu!" kwa sauti changamfu kuliko ya mtu yeyote mtaani.

Ukoo wake ulibatizwa kwa nguvu zama za babu wa babu zake, ukaitwa Wakristo Wapya, na upya huo haukuisha ingawa waliobatizwa walikwisha kuoza makaburini. Kanisani walikwenda. Nyumbani walikuwa Wayahudi, kadiri walivyoweza kukumbuka, maana vitabu hawakuwa navyo hata kimoja. Ureno nzima, aliyekutwa na kitabu cha Kiebrania alijua mwisho wake. Walichobaki nacho ni midomo ya akina mama, na katika yote aliyoachiwa Violante hakuna alichokipenda kama sala ya Malkia Esta, aliyeuficha ukoo wake ndani ya nyumba ya mfalme wa watu wengine. Mama yake aliisali katika gereza la Baraza la Imani, mahakama ya Kanisa iliyowasaka Wayahudi wa siri, mpaka akafia humo.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Branca. Desturi yao ilikuwa kutomwambia mtoto lolote mpaka apate akili ya kutunza siri, kwa kuwa mtoto huropoka. Kwa hiyo Branca alikua akiimba kanisani na wenzake, na alipovunja ungo ndipo mama yake alipomkalisha jikoni akamwambia: sisi si hao. Msichana alilia siku ile. Baadaye alijifunza sala, akaanza kufunga mfungo wa Esta na kuwasha taa ya Sabato kila Ijumaa jioni, ndani ya mtungi isionekane nje, na Violante akashukuru kwamba amepata mwenzake wa kuogopa naye.

Mwaka ule, siku chache kabla ya mfungo, alikuja binamu yake Duarte. Huyu alikuwa amehamia Livorno, kule Italia, ambako Wayahudi waliishi bila kujificha, na Kiebrania alijifunzia ukubwani. Alirudi kwa kisingizio cha kununua hariri. Violante alifunga mlango, akamsalia ile sala yote kwa fahari, huku Branca akisokota uzi pembeni. Duarte akakuna kidevu.

"Nzuri, binamu. Ila kwetu haimo."

"Haimo wapi?"

"Kwenye kitabu cha Esta. Cha Kiebrania nimekisoma chote. Esta hasali mle. Hata Mungu hatajwi! Hiyo sala yako imo kwenye Biblia ya mapadri, imetoka kwenye Kigiriki. Na Tobiti wako, na Yudithi, na Wamakabayo, hao wote ni wa kwao. Sisi hatuwahesabu katika Maandiko."

"Koma, Duarte!" Violante alisimama. "Mama yangu kafa na sala hiyo mdomoni. Leo uje na viatu vyako vya Livorno uniambie kafa na sala ya mapadri?"

"Sikusema hivyo, dada yangu."

"Umesema! Wewe Uyahudi umeuanza juzi, tena mchana kweupe, hakuna anayekutazama. Unatufundisha nini sisi?"

Duarte aliomba radhi, na kesho yake akashika njia. Violante alibaki na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga ambao hakuwahi kuujua. Kama hata hii si yetu, alijiuliza, tumebakiwa na nini?

Lakini aliisali hivyo hivyo. Siku ya mfungo, tumbo tupu, aliketi kwenye kitanda cha kufumia hariri akinong'ona: Bwana, niokoe mimi niliye peke yangu, nisiye na mwingine ila wewe. Alipoinua macho, Apolónia jirani yake alikuwa kasimama mlangoni na kigae cha kuombea moto. Hakupiga hodi.

"Sala gani hiyo, shoga? Mbona haina Yesu wala Maria?" Alikuwa anatabasamu.

"Ndefu hiyo. Hujafika mwisho."

"Haya, nipe kaa la moto niende zangu."

Ulimi uliponza kichwa. Tangu saa ile Violante alitafuta njia ya kutoroka. Alifikiri kukimbilia Hispania, akakumbuka kwamba huko nako Baraza lipo. Ijumaa asubuhi mlinzi wa kanisa akaja: padri anamwita, yeye na binti yake, sasa hivi. Akatembea katikati yao njia nzima, wasipate nafasi ya kuambiana hata neno. Violante aliubana mkono wa Branca.

Branca aliachwa kwenye benchi nje. Ndani ya chumba cha mavazi ya misa alikaa Padri Gaspar, mtu mpole wa sura, ambaye barua zake kwa Baraza zilikuwa zimekwisha kuondoa familia mbili mtaani. Apolónia alikuwa ameketi kando, mikono mapajani.

"Nasikia una sala," padri alisema. "Hebu isali niisikie."

Kukana kusingefaa, Apolónia alikuwepo. Akaisali yote.

"Umeitoa wapi?"

Hapo Violante akayakumbuka maneno ya Duarte, akayashika. "Padri mzee aliyekuwa hapa zamani alitufundisha tukiwa wadogo. Alisema imo kwenye Biblia yenu." Akasikia alichosema. "Yetu, padri. Biblia yetu."

Padri alimtazama kidogo, kisha akavuta Biblia yake ya Kilatini na kufungua kurasa za mwisho za Esta. Alisoma midomo ikichezacheza. Ghafla akacheka.

"Apolónia, mama, umeniletea Myahudi anayesali sala ambayo Wayahudi hawana! Tazama, mfasiri mwenyewe kaandika hapa: haya hakuyakuta katika Kiebrania. Kitabu chao wao kinaishia huku nyuma. Hii sala ni ya Kanisa."

"Mimi nimesema nilichosikia tu, padri," Apolónia alinung'unika.

Moyoni Violante alimwomba Duarte msamaha. Lakini padri hakufunga kitabu.

"Na unaimalizaje?"

Kila Kwaresima tangazo la Baraza lilisomwa kanisani, na kila mtu alikijua kifungu hicho: anayesali bila kumtukuza Mwana na Roho mwishoni, ashtakiwe. Mama yake hakumfundisha mwisho wowote. Sala iliisha kwa kunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kwao. Violante akafumba macho.

"Atukuzwe Baba," alisema, "na Mwana, na Roho Mtakatifu. Kama mwanzo, na sasa, na siku zote, na milele. Amina."

"Vizuri. Sasa kaa pale. Usikohoe, usimtazame. Mwiteni binti."

Ndipo Violante alipojua kwamba woga wote wa maisha yake ulikuwa mazoezi tu. Branca hakuusikia mwisho ule. Angesali, angenyamaza, na kimya kile kingewaua wote wawili. Alikodolea macho sakafu. Alisikia sauti ya mwanawe ikianza, ikipanda, ikifika kwenye maneno ya mwisho.

"Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu," alisema Branca bila kusita, akainamisha kichwa taratibu.

"Nendeni kwa amani," padri alisema. "Apolónia, wewe baki."

Barabarani Violante alimkumbatia mwanawe, akacheka na kulia. "Umejuaje, mwanangu? Ulitusikia mlangoni?"

"Mlango ule mnene, mama. Sikusikia kitu."

"Sasa nani kakwambia uongeze?"

"Sikuongeza. Mimi huimaliza hivyo siku zote, kimoyomoyo, tangu uliponifundisha. Bila ile Atukuzwe naiona haijafika." Branca alisema hayo kwa upole, pengine kwa furaha. "Na siku ile binamu Duarte aliposema ni sala ya kanisani, mama, nilifurahi sana."

Walitembea mpaka nyumbani wakiwa wameshikana mikono, kwa sababu Violante hakujua namna ya kuuachia mkono ule bila Branca kugundua.

Jioni, kengele za kanisa zilipokwisha, Branca alichukua chupa ya mafuta na kusimama jikoni. "Leo Ijumaa, mama. Niwashe ile taa ya ndani ya mtungi?"

Violante alimtazama usoni. Ulikuwa uso ule ule aliouogesha na kuubusu, na alitafuta ndani yake kama ni upendo au ni mtego, asijue.

"Taa gani, mwanangu?" alisema. "Sisi hatuna taa ya Ijumaa."