Viganja vya Ukutani Isongole

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekwa. Nilikuwa seremala wa misheni pale Vwawa, enzi za Mwingereza. Bwana Mpigapicha, Mzungu mrefu aliyepiga picha za makanisa ili wafadhili wao wa Ulaya wazione, alinichukua nimtengenezee masanduku ya kubebea vioo. Hatukuwa na mkanda wa picha; picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kikidondoka, basi tena. Asubuhi ile akaniingiza kanisani.

"Unaona nini?"

"Mabenchi, Bwana."

"Angalia tena."

"Mabenchi yenye vumbi, Bwana."

Akacheka mpaka akakaa. "Seremala wewe! Na hilo vumbi umelionaje? Kuna mwanga umelala juu yake. Huo ndio tunaoupiga."

Polepole nikajifunza. Makanisa yetu yalikuwa na madirisha madogo kwa sababu ya baridi, ndani giza, kwa hiyo lenzi iliachwa wazi muda mrefu. Saa ya Bwana ilikuwa mbovu, tukahesabu kwa Baba Yetu: jua kali, sala moja, mawingu, sala tatu. Mimi nilisali kimoyomoyo kwa Kinyiha, bila kukimbiza maneno. Ninyi mnaobonyeza na kuondoka mmeikosa raha hiyo. Tulizunguka hivyo, Msangano na kwingineko, mpaka Bwana akaniamini kiasi cha kunituma peke yangu.

Akanituma Isongole. Kanisa la zamani la udongo lilikuwa karibu kubomolewa, lijengwe la matofali. Agizo lilikuwa moja: piga madhabahu. Nilipewa vioo viwili. Kimoja nilikivunja nilipoteleza mtoni.

Asubuhi nikamkuta mama mmoja, Subilaga, ameketi ameipa madhabahu mgongo, anatazama ukuta mtupu. Nikamwamkia, nikamwomba asogee.

"Mwanangu, subiri kwanza jua lifike dirishani."

Likafika. Mwanga ukapita ubavuni mwa ukuta, na loo! Ukuta ukajaa alama za viganja vya mtu, kila kidole na kivuli chake.

"Ni vya mume wangu," akasema. "Kusiriba kuta kwa udongo ni kazi yetu wanawake. Zamu yangu ilipofika nilikuwa na mimba nzito, akaniambia, kaa, nitasiriba mimi. Wenzangu walivyomcheka! Hakujua kulainisha." Akatabasamu kidogo. "Kisha akavuka Tunduma kwenda migodi ya shaba. Hakumwona mtoto. Amezikwa hukohuko, kaburi sijaliona. Nimebaki na ukuta huu tu, na kesho wanaubomoa."

Nilitazama kioo changu kimoja, nikatazama madhabahu. Jamani, niliogopa. Nilijua naweza kufukuzwa, na kazi ile niliipenda mno. Nikageuza kamera.

Mama akasimama kando ya ukuta.

"Mama, ukikaa hapo kivuli chako kitaingia kwenye picha."

"Kiingie."

Nikafungua lenzi, nikaanza Baba Yetu. Mama hakutikisika hata kidogo.

Niliporudi Vwawa, Bwana alikisafisha kioo kwenye chumba cha giza, akakiinua dirishani.

"Madhabahu iko wapi?"

"Haimo, Bwana."

"Na kanisa?"

"Limeshabomolewa."

Akanirudishia kioo. "Nenda nacho. Rudi kwenye randa yako."

Usiku huo nililia, na sioni aibu kusema. Nikaomba karatasi moja ya picha, nikaichapa juani, nikampelekea Subilaga. Akaweka kiganja juu yake, akakunja uso.

"Mbona umemfanya mdogo? Mkono wake ulikuwa unafunika wangu wote."

Nikamweleza kwamba picha ni ndogo kama kioo chenyewe. Hakutaka kusikia habari za vioo. Basi nikachukua penseli yangu ya useremala, nikamwomba aweke kiganja kwenye karatasi, nikakichora kwa kufuata ukingo wake, nikaondoka na mchoro.

Nilipiga randa miaka miwili, mpaka Bwana yule akarudi kwao na mwingine akanirejesha kwenye kamera. Huyu alikuja na mashine ya kukuza picha kwa jua la dirishani. Kazi yangu ya kwanza hapo haikuwa ya misheni. Nilikuza ile picha ya viganja, nikapima kwa ule mchoro, nikakuza tena, mpaka kiganja cha marehemu kikafunika cha mkewe chote.

Sasa nimestaafu. Madhabahu nilizopiga ni nyingi, zimo makabatini mwa misheni na sijui nani anazitazama. Mwezi uliopita nilikwenda Isongole. Subilaga ametangulia. Aliyenifungulia mlango ni binti yake, ile mimba nzito, naye sasa ni bibi mwenye mvi. Picha iko ukutani, mahali ambapo jua la asubuhi hufika, na kivuli cha mama yake kimesimama pembeni ya viganja.

Alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Akaweka mkono wake juu ya mkono ule mkubwa wa pichani.

"Shikamoo, baba," akasema, kisha akaenda kunichemshia chai.