Kilemba cha Fundi Msabaha

Mume wangu Msabaha hakujua kusema uongo, na mimi Biubwa nasema wazi: kuishi na mtu wa namna hiyo ni mtihani. Walakini nisingembadilisha na mwanamume yeyote wa Bagamoyo hii.

Alikuwa fundi wa tanga. Mzungu wa shamba la katani aliyekuwa akimfanyia kazi alipoondoka nchini, alimwachia mashua yake ndogo iliyoundwa Uingereza. Nyepesi ile, yageuka upesi, na ikipinduka vijana wawili waiinua wenyewe. Ngalawa zetu haziko hivyo. Basi Msabaha akawa anawafundisha vijana wa hapa na wa Mlingotini kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo. Ada hakutoza. Ila kwa desturi yetu, mwanafunzi akihitimu humpa fundi wake kilemba, kitambaa cheupe, kwa mikono miwili mbele ya watu. Asipotoa, wataambizana kwamba ufundi wake ni wa kuiba, na hapati chombo cha mtu.

Mwaka wa sabini na mbili akaja afisa wa vyombo vya majini, Bwana Majaliwa, kijana mpole, suruali kaikunja asilowe. Akatuamkia shikamoo, akaikagua mashua, akauliza iliundwa wapi. Kisha akatusomea sheria: chombo kilichoundwa nje, kisichosajiliwa kwa biashara, kisifundishie watu kwa malipo. Bila malipo, hakuna ubaya.

"Sasa mzee wangu, unalipwa?"

Nilimkonyeza mpaka jicho likaniuma. Sema hapana, mwanamume wee, sema hapana!

"Pesa sipokei," akasema. "Napokea kilemba."

Yallah! Nikajishika kichwa.

"Kitambaa nacho ni malipo, mzee," akasema Bwana Majaliwa, na ilionekana hakupenda kulisema. "Ama uache kukipokea, ama mashua ikae nchi kavu."

Wanafunzi walikuwa wanne, mmoja wao Hija, mtoto wa jirani yangu Mwanajuma, mjane. Walikuwa karibu kuhitimu, na ushirika wa wavuvi wa Mlingotini ulikuwa unawangojea uwakabidhi mashua mpya. Msabaha akawatazama. "Basi sipokei tena."

Nyumbani nilimwakia. "Umejivua heshima kwa mdomo wako mwenyewe! Na hao vijana, nani atawaamini?"

"Wataaminiwa wakionekana wanavyobisha."

"Thubutu! Watu hawatazami tanga, wanatazama desturi!"

Alijua nasema kweli. Akakaa barazani, chai ikapoa mbele yake. Hasira zikanitoka, huruma ikaniingia. Nikamwendea.

"Bwana wee, sheria imekataza kupokea. Kutoa je?"

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananioa. Nikafungua sanduku langu, nikatoa bafta, kitambaa cheupe cha pamba niliyoiweka nishone mashuka ya sikukuu, nikaichana mapande manne. Iliniuma, sikatai, lakini niliichana.

Siku ya kuhitimu vijana wakabisha mbele ya watu wa ushirika, Bwana Majaliwa naye akishuhudia, mmoja mmoja, wakarudi salama. Kisha wakasimama mchangani mikono mitupu, macho chini. Minong'ono ikaanza. Hapo Msabaha akashuka na kitambaa, akamfunga Hija kilemba kwa mikono yake.

Mzee mmoja akang'aka, "Fundi kumvika mwanafunzi! Tangu lini?"

"Tangu leo," akasema Msabaha. "Huyu ni fundi mwenzangu. Anayesema ameiba, aje aniambie mimi niliyeibiwa."

Hakwenda mtu. Mwanajuma akapiga kigelegele hadi akakaukiwa sauti, akalia. Msabaha akawafunga na wale watatu. Bwanausi, mwenyekiti wa ushirika, akamshika Hija mkono, akampeleka kwenye mashua mpya, akamkabidhi usukani.

Nikamgeukia Bwana Majaliwa. "Haya mwanangu, hapo sheria yasemaje?"

"Hapo, mama, sheria haina neno."

Msabaha alirudi nyumbani hana kitu mkononi. Njia ya mkato ilikuwapo, nikaikataa. Nikampitisha katikati ya mji, mlango kwa mlango, polepole, kila mtu atoke anione na mume wangu.