Mbuzi ya Nazi Juu ya Baiskeli

Kwetu mtu akisafiri huaga, na akiaga hupewa mzigo. Hilo nalijua tangu utoto wangu Unguja, na sikuwahi kuliona baya, kwa sababu waliokuwa wakisafiri walikuwa watu wengine. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, naishi Hounslow kwa mama mdogo, naosha trei za chakula cha abiria karibu na uwanja wa ndege, na tangu nifike London sikuwa nimekwenda popote. Nilipopata likizo ya siku tisa, ya kwanza maishani, niliaga kama nilivyofundishwa. Hadi leo nina hasira.

Safari yenyewe aliibuni mwenzangu wa kazini, Mkongo wa Bukavu, mtu mzima aliyewahi kuendesha malori kwa miaka mingi. Alikuwa ameapa kwamba likizoni hatagusa gari, hata kwa kupewa lifti. Alinihadithia mifereji ya Ufaransa iliyochimbwa zamani, na njia tambarare kando yake, ambako farasi walipita wakivuta mashua kwa kamba. Farasi sasa hawapo, na magari hayaruhusiwi.

"Petit," aliniambia, yaani mdogo, maana ndivyo alivyoniita, "kule utasikia kinga yako inapumua." Kinga kwao ni baiskeli.

Tungepanda treni hadi bandarini, tuvuke kwa meli, tupande treni nyingine, kisha tuufuate mfereji mmoja tangu unapoanza hadi unapoingia mtoni. Nilipaweka moyoni pale mtoni. Shule niliishia darasa la saba. Kozi ya Kiingereza niliikimbia wiki ya tatu kwa kuogopa kusoma mbele ya watu. Sikuwa na kitu kirefu nilichowahi kukimaliza, na mfereji huo niliutaka wote.

Jumapili kabla ya safari, mama mdogo alipita nyumba mbili tatu kuwaambia watu nakwenda Ufaransa. Jioni akaja jirani yetu, mama mtu mzima ambaye binti yake kaolewa huko. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kanga. Akakifungua: mbuzi ya kukunia nazi, ya mninga, nzito, ya miguu ya kukunja, ulimi wake wa chuma una meno kama ya papa.

"Umpelekee dada yako," alisema.

"Yuko Ufaransa wapi, bi mkubwa?"

"Hukohuko unakokwenda, mwanangu. Kwani Ufaransa ziko ngapi?"

"Lakini mimi nakwenda na baiskeli."

"Baiskeli haina keria?"

Nilimtazama mama mdogo anisaidie. Yeye alikuwa akitazama chai. Mgeni alipotoka ndipo aliponigeukia. "Usiniaibishe. Mzigo wa mtu mzima haukataliwi." Mimi nikiona haya huwa nameza mate tu, na watu wakiona unameza mate hudhani umekubali.

Bandarini askari aliifungua ile kanga, akapapasa yale meno kwa kidole, akaniuliza ni silaha ya aina gani. Nilisimama nimeiva masikio huku foleni nzima ya waendesha baiskeli ikinikodolea macho. Mkongo wangu ndiye aliyeeleza, kwa mikono, jinsi nazi inavyokunwa, mpaka askari akacheka.

Siku tatu za mwanzo mfereji ulikuwa kama nilivyohadithiwa. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia, na miti mirefu imepangwa pande zote mbili. Kila baada ya mwendo kidogo palikuwa na lango la maji, ambapo mashua husubiri maji yajae ipande, au yapungue ishuke. Penye lango pana kijumba cha mlinzi, pana mboga zimepandwa, na mlinzi hutusalimia bila kuuliza tumetoka wapi. Hakuna honi, hakuna wa kukuharakisha. Ningekuwa mtu mwenye furaha kuliko wote, lau si kile kibao kilichokuwa kikigonga keria kila nilipopita kwenye mzizi. Mkongo wangu alikuwa nyuma, anacheka.

"Farasi waliacha kazi hapa, wewe umeichukua!"

Siku ya nne nilimpigia simu yule binti, kwa namba aliyonipa mama yake. Alishangaa. "Mama kaniambia mnakuja na gari."

"Tuna baiskeli, dada. Tuko mferejini." Nikamtajia kijiji.

"Ah, si mbali. Kwa gari hata saa haifiki. Mume wangu gari kenda nalo kazini, harudi mpaka Jumamosi. Njooni tu."

Tulitazama ramani. Ilikuwa siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, tena kwa barabara ya malori yenye milima.

"Iache kwa mlinzi wa lango," alisema Mkongo. "Bwana yake atakuja kuchukua."

"Ni amana. Amana haiachwi njiani."

"Amana ya mbao?"

"Amana ni amana."

Angeweza kuendelea peke yake, na mtoni angefika. Lakini mimi Kifaransa nilijua salamu tu, na yeye hakuwa mtu wa kuniacha. Tukauacha mfereji, tukapanda milima. Malori yalitupita karibu hata shati likavutwa. Adhuhuri spoku mbili za gurudumu la nyuma zikakatika, palepale chini ya ule uzito, na saa za mwisho nilitembea nikiisukuma. Sikulia, lakini nilisema maneno ambayo sikujua kama nayajua.

Binti alitupokea vizuri, nisimsingizie. Alitupikia wali, akatutandikia sebuleni. Nilipompa ile kanga aliipapasa bila kuifungua, akakaa kitini akashika kichwa. Kisha akafungua kabati la chini jikoni. Ndani zilikuwamo mbuzi nyingine mbili, za mninga vilevile, moja bado na karatasi ya uwanja wa ndege.

"Kila anayekuja, mama humpa moja," alisema. "Nishamwambia, mama, huku natumia tui la kopo. Yeye anaamini simpikii mume."

"Umemwambia lini?"

"Nimemwambia..." Akasita. "Nimejaribu kumwambia. Utamwambiaje mama mtu mzima?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kusimama. Mama hasikii, binti hasemi, na katikati yao anapitishwa mtu mwingine na mgongo wake, safari baada ya safari. Na wote hao ni watu wema! Hakuna hata mmoja ungeweza kumwita mbaya. Niliona hiyo ndiyo dhuluma yenyewe, kwamba siku zangu mbili zimeliwa na hakuna wa kumdai.

Asubuhi, tukiwa tumeshafunga mikoba, binti alitoka na sanduku. Ndani mlikuwa na sufuria ya chuma, ya rangi nyekundu, na mfuniko wake.

"Ya mama. Atafurahi. Si unarudi London?"

Nilimeza mate. Mkongo akageuka akajifanya anajaza upepo kwenye tairi iliyojaa.

"Sichukui, dada," nilisema.

"Ni ndogo tu."

"Sichukui."

"Basi mama nitamwambia nini?"

"Mwambie una mbuzi tatu."

Uso wake ulibadilika, na sikungoja kuona umekuwaje.

Tulirudi kwenye mfereji jioni ya siku iliyofuata, maana fundi wa spoku alitukalisha. Siku zilizobaki hazikutosha. Palipokuwa na kituo cha treni Mkongo alikunja ramani. Mbele yetu yalikuwa yamebaki malango kumi na saba. Nilimwomba radhi. Alisema maji hayakimbii, ila alisema kwa upole ambao uliniuma kuliko matusi.

London habari ilitangulia. Jirani alikuwa amekaa sebuleni kwetu. "Nasikia dada yako alikupa sufuria ukaikataa."

Nilimweleza yote, nimesimama, kwa sauti: malori, spoku, kabati, mbuzi tatu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama mdogo. "Mtoto huyu Ulaya imemharibu."

Na mama mdogo, aliyenijua, aliitikia.

Mwaka uliofuata niliomba likizo wiki ileile na sikumwambia mtu. Nilitoka alfajiri na begi dogo kama ninayekwenda kazini. Hakuna aliyenisomea dua, hakuna aliyenishika mkono. Mimi na Mkongo tulianzia kituo kilekile, tukayapita malango kumi na saba, na siku ya tatu mama mdogo, aliyezoea zamu zangu za usiku, akapiga simu kuuliza kwa nini sirudi nyumbani kulala.

"Nimepewa zamu mbilimbili," nilimwambia. "Nalala kwa rafiki, karibu na kazi."

"Pole, mwanangu. Umekula?"

Mbele yangu mfereji ulikuwa unaingia mtoni. Nilimwambia nimekula. Sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo, na sitaki kuambiwa kwamba kosa ni langu.