Kitambaa, Maski na Baba Mukwe

Kule Mususa kuna kiwanda kidogo ya kusaga kenkina, ile maganda ya muti ambayo batu banatengeneza nayo dawa ya malaria. Nilitumika pale kwenye mashini miaka mingi. Na nilipenda ile kazi, mutu asinidanganye. Ila mavumbi yake, Mungu wangu! Uchungu mpaka kwenye meno. Nilikuwa nakohoa kutwa, na bukari, ule ugali nilipika, ilionja kenkina. Batoto banakunja midomo, bwana wangu anacheka: "Mama, kwa hii nyumba malaria haitaingia!"

Siku moja tukaletewa shefu, mukubwa wa usalama wa kazi, mwanamuke aliyetoka Kasai, mupole lakini mugumu. Akasema elastike, zile kamba za maski ya kuzuia mavumbi, zikae juu ya nywele, si juu ya kitambaa ya kichwa, sababu kitambaa inateleza na mavumbi inaingia. Kila mutu apimwe: avae maski, asimame karibu na mashini, aseme kama anasikia uchungu wa kenkina kwenye ulimi. Mwenye kuusikia, hapana kazi ya mashini tena.

Mimi nikavaa juu ya kitambaa, sawa siku zote.

"Unasikia uchungu?" shefu akauliza.

"Kidogo tu."

"Haya, toa kitambaa. Utaifunga tena juu ya elastike."

Nikaganda. Hatua mbili tu toka pale, baba mukwe wangu alikuwa anapakia magunia. Ni yeye aliniombea ile kazi. Na kwetu mama alinifundisha: mbele ya baba mukwe, kichwa wazi hapana, hata nyumba ikiungua. Shefu angejuaje? Nikasikia haya, nikasikia na hasira. Nilitaka sana ile kazi. Lakini mudomo ikasema: "Basi, andika nimeshindwa."

Muzee akasikia. Akatua gunia, akaenda mpaka ukutani, akaupa uso, pua karibu iguse matofali.

"Shefu," akasema, "umwambie mama avae. Mimi siko hapa."

Ee! Banaume bengine nabo bakageuka, mumoja mumoja, bakajipanga ukutani sawa batoto ba shule benye kupewa punisho. Shefu akafunika kinywa asicheke. Mimi nikafungua kitambaa, nikakaza elastike kwenye nywele, nikakifunga tena juu yake. Mashini ikanguruma. Nikavuta pumuzi, nikangoja uchungu. Hakuna. Nikavuta tena. Hakuna kabisa! Furaha ikanijaa, machozi ikaanza kuingia ndani ya maski.

"Mama," baba mukwe akauliza, bado anatazama ukuta, "unasikia uchungu?"

"Hapana, baba."



"Asante Mungu. Kila siku nilikuwa nasikia vile unakohoa. Na ni mimi nilikuleta hapa."

Hakugeuka mpaka nilipomwambia niko tayari.