Nyamaza, Mwanangu Anapiga

Mnong'ono wa Mama Shuka unasikika mpaka geti la hospitali. Si kosa lake. Mtu aliyetumia ujana wake wote katika chumba cha kufulia, mashine zikinguruma huku, vikaushio vikizunguka kule, atajifunzia wapi kunong'ona? Mchana kutwa anasimama kwenye mashine ya kunyooshea, ile ya roli mbili za moto inayomeza mashuka mabichi na kuyatema makavu. Mashine hiyo hulishwa na watu wawili, kila mmoja ameshika pembe yake, na mmoja akichelewa kidogo tu shuka linaingia upogo, linakunjamana, na kazi inaanza upya. Kwa hiyo wanapigiana kelele: vuta, legeza, nyoosha, achia. Mwenzake wa upande wa pili, mwanamke mfupi wanayemwita Kipande, ana koo lile lile. Wawili hao wakikutana sokoni watu hujaa kutazama ugomvi, kumbe wenyewe wanajuliana hali.

Kwa sauti hiyo amelea watoto watatu. Baba yao aliondoka akisema anatafuta kazi, na mpaka leo nadhani bado anaitafuta. Wawili wa kwanza walikwenda kujitegemea. Akabaki na kitindamimba, na kitindamimba, kati ya mambo yote duniani, akapenda chelo. Chelo ni ndugu mkubwa wa fidla, linalokaa chini na kubanwa kwa magoti. Mwalimu mmoja alimwazima la shule, na lilipodaiwa Mama Shuka akachukua zamu za ziada, za sikukuu na za wenzake wanaougua, mpaka mwanawe akapata la kwake. Yeye analiita kabati. "Toa kabati lako mlangoni nipite," ndivyo walivyoishi katika vyumba viwili.

Sasa huyo kijana yuko kwenye bendi. Wako saba: magitaa ya umeme, ngoma, piano, fidla mbili, na yeye. Mwimbaji hakuna. Wimbo wao mmoja unaanza polepole kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, unakua, magitaa yanapanda juu ya fidla mpaka madirisha yanatetemeka, halafu unakatika ghafla. Wanauita muziki wa roki uliosomeshwa. Mama Shuka aliwahi kumuuliza mwanawe, "Watu saba wazima, hakuna hata mmoja mwenye la kusema?"

"Mama, muziki wenyewe ndio unasema."

"Basi mimi umenipita. Umesema nini?"

Hata hivyo alikuwa akiusikia kila siku kupitia ukuta wa jikoni, na kuna mahali pamoja alipapenda, ingawa hakusema. Baada ya kishindo chote kile, vyombo vinanyamaza kabisa, kimya kinakaa hadi unadhani mambo yamekwisha. Ndipo chelo linaingia peke yake, taratibu. Ikifika hapo alikuwa anaacha kuosha vyombo.

Jumapili moja alasiri bendi ilipiga katika ukumbi mkongwe wa mjini ili kurekodi albamu papo hapo, mbele ya watu. Vipaza sauti vilitundikwa mpaka juu ya viti. Mama Shuka alivaa gauni lake la harusi za wengine, akakaa mstari wa tatu. Kimya kile kilipofika, bwana mmoja nyuma yake, mwenye koti zuri, akapokea simu na kuanza kumweleza mtu mahali alipoegesha gari. Mwanawe alikwishainua upinde. Mama Shuka akageuka na kumnong'oneza yule bwana, kwa adabu zote, kadiri yeye anavyojua kunong'ona:

"Wewe, nyamaza, mwanangu anapiga."

Albamu ilipotoka, maneno hayo yalikuwamo, safi kama yamesemewa studio. Kiongozi wa bendi, mpiga gitaa wanayemwita Miwani, alisema yaachwe. Mama Shuka alifurahi mno. Saa ya chakula aliwawekea wenzake wimbo huo pale chumba cha kufulia, na Kipande akasikiliza magitaa yote yale, amekunja uso kama anameza dawa, akingoja sentensi moja. Ilipofika walicheka mpaka wakashikana. Muuguzi mkuu aliitwa akasikia. Mlinzi wa getini akasikia, tena mara mbili.

Halafu ikaja siku ya redio. Redio ya pale hukaa juu ya rafu ya sabuni, na siku hiyo wote walipunguza mashine ili wamsikie kijana wao akihojiwa. Mtangazaji akasema, "Albamu nzima haina neno la mtu isipokuwa lile moja tu, ambalo kila mtu analizungumzia. Yule mama ni nani?"

Kijana akacheka kidogo. "Kwa kweli hatumfahamu. Ni mtu tu alikuwa ukumbini."

Shuka lililokuwa kwenye roli likaingia upogo. Hakuna aliyesema vuta wala achia.

Mtu tu! Mimi ninayesimulia nilisikia habari hii kwa Kipande na damu ikanichemka, sijui Mama Shuka mwenyewe ilimfanyaje. Mtu tu ndiye aliyesimama kwenye joto la roli sikukuu baada ya sikukuu. Mtu tu ndiye aliyelala kwenye godoro la sebuleni ili kabati lipate chumba kisicho na unyevu. Na maneno yenyewe si magumu. Mama yangu. Maneno mawili, hata mtoto anayeanza kusema anayaweza.

Jioni kijana alirudi nyumbani akamkuta mama yake mezani, na sahani moja tu mbele yake, anakula.

"Mama, chakula kipo?"

"Kamuulize mama yako. Mimi ni mtu tu."

Kijana akavuta kiti, hakukikalia. "Umesikia. Mama, Miwani ndiye alitaka tusiseme. Watu wanapenda fumbo."

"Mimi si fumbo. Mimi nina kitambulisho."

"Ni mambo ya bendi tu."

"Usiniletee bendi. Nimekuuliza wewe. Umeona haya?"

Akakirudisha kiti mezani. Halafu akasema, akitazama chini, "Wanaigiza, mama. Kila tunapokwenda wanaigiza ile sauti yako. Wanabana pua, wanapaza, wanacheka. Ningesema nini?"

"Ungesema ni ya nani." Alikuwa ameshika kijiko na hakuwa akila tena. "Unadhani nilizaliwa nayo? Sauti hii imenunua hilo dude unalolikumbatia. Uione haya sauti yangu, sawa, lakini basi na kabati ulionee haya, maana vimetoka mahali pamoja."

Aliondoa sahani, akaenda kulala mapema. Tangu hapo wakawa watu wa kusalimiana. Alimwachia chakula kimefunikwa, maana ukali wake haukufika kwenye sufuria, lakini hodi ya ukutani, ile aliyokuwa akipiga kila wimbo unapoisha, aliikata.

Bendi ilipotangaza kupiga tena katika ukumbi ule ule, kijana aliweka tiketi mbili juu ya meza bila kusema kitu. Mama Shuka akazisogeza pembeni, akafuta meza, akazirudisha palepale. Kipande ndiye aliyemsukuma. "Twende," alisema juu ya kelele za mashine. "Ukikaa nyumbani utakuwa umekubali kwamba wewe ni mtu tu."

Wakaenda. Mlangoni palikuwa na meza ya fulana, na kwenye kila fulana, kifuani, yameandikwa maneno: WEWE, NYAMAZA. Mama Shuka akasimama. Akaishika moja kwa vidole viwili, kama anavyoshika shuka lililotoka wodini na jambo lake.

"Haya maneno ni ya nani?" aliuliza.

Binti muuzaji akatabasamu. "Ya yule mama kichaa wa kwenye albamu. Hujamsikia? Anachekesha."

Kipande alifungua mdomo. Mama Shuka akamkanyaga mguu, wakaingia. Moyoni alikuwa ameshaapa: leo hatatoa hata kikohozi. Wasije wakasema tena ni kichaa. Na kama mwanawe ana la kusema, aseme mwenyewe.

Wimbo ukaanza na ile kutafuta funguo, ukapanda, ukatikisa madirisha, ukakatika. Kimya kikaja. Kijana akainua upinde. Na ukumbi mzima, mamia ya watu, wakabana pua na kupaza kwa pamoja:

"Wewe, nyamaza, mwanangu anapiga!"

Vicheko vikafuata, na miluzi. Watu wasiomjua hata jina walimwita mwanangu, na aliyemzaa amebana midomo mstari wa tatu, mikono imefumbatwa, machozi ya hasira yanamwasha na hataki kuyafuta wasije wakayaona. Hakumtazama mtu mwingine ila yule pale juu.

Kijana alijaribu kuanza. Upinde ukagusa nyuzi, ukatoka. Vicheko vilikuwa bado. Miwani akamwashiria kwa kidevu: endelea. Kijana akamtazama Miwani, akatazama mstari wa tatu, kisha akaulaza upinde magotini. Bendi hii haijawahi kusema neno jukwaani, na mbele yake hapakuwa na kipaza sauti cha kusemea. Hakukihitaji. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya chumba cha kufulia, ya kuvuka mashine na vikaushio, na ilifika mpaka meza ya fulana kule nje.

"Huyo mnayemwigiza ni mama yangu. Ananyoosha mashuka hospitalini, na amekaa pale. Niliulizwa nikasema simjui. Nilisema uongo." Akauinua tena upinde. "Sasa nyamazeni. Mama yangu anasikiliza."

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja mwenye fulana alifunga zipu ya koti lake mpaka shingoni. Miwani aliinama kutazama nyaya za gitaa lake kana kwamba zimepotea. Kimya kikakaa, kirefu kuliko kile cha kwenye albamu, na chelo likaingia peke yake, taratibu, kama linavyoingia kupitia ukuta wa jikoni.

Kipande alijifuta macho kwa kiganja, akainama kumnong'oneza mwenzake. "Koo lako hilo," akasema, na waliokaa viti vya nyuma kabisa wakasikia.

Mama Shuka akampiga kibao cha paja. Hasira yake ilikuwa haijaisha hata nusu, na nyingine alikuwa amemwekea kijana nyumbani, lakini hiyo ingengoja. Akaweka kidole mdomoni.